Vizuizi vya Sitaha katika Motaboti ya Zamani

 Katika maongezi haya twapenda kusema nanyi habari ya kitu ambacho abiria hukishika bila kukitazama, na mwenye chombo hukipaka rangi bila kukichunguza. Kitu hicho ni kizuizi cha sitaha, yaani zile nguzo fupi na vyuma au mbao zizungukazo ukingo wa motaboti ili watu wasitumbukie majini. Wengine hukiita ukingo, wengine reli. Sisi tutasema kizuizi, kwa kuwa kuzuia ndiyo kazi yake.

Ili maneno yetu yasielee hewani, na tuchukue chombo kimoja cha mfano. Ni motaboti ya mbao, urefu wake futi 30, umri wake miaka arobaini au zaidi, na kazi yake ni kuvusha watu na mizigo kati ya bara na kisiwa, kama vyombo vivukavyo kutoka Mokowe kwenda Lamu. Mtambo wake umekwisha badilishwa. Mbao zake za chini hutazamwa kila mwaka, hukalafatiwa na kupakwa rangi, maana maji yakiingia ngamani kila mtu huyaona. Lakini vizuizi vyake ni vile vile vilivyokuwapo siku chombo kiliposhuliwa, na rangi juu yake imekuwa tabaka juu ya tabaka, hata huwezi kujua kilicho ndani.

Tumepata kuona, katika gati moja la pwani, nguzo ya kizuizi ikitoka mkononi mwa mama aliyekuwa akipanda na mtoto mgongoni. Rangi ya nguzo ile ilikuwa mpya, bado yanuka. Chini ya kitako chake zilining'inia skrubu nne, fupi kama kidole cha mwisho, zimetoka pamoja na unga mweusi wa mbao. Baharia mmoja alimdaka mama yule kwa nguo, wala hapana aliyeumia. Watu wakacheka, safari ikaendelea, na nguzo ikarudishwa tunduni mwake ikasimama kama kwamba ni nzima.

Twasema hivi: kizuizi kibovu chenye sura nzuri ni hatari kuliko kutokuwa na kizuizi kabisa. Pasipo na kizuizi mtu huketi chini, hushika kamba, humwita mtoto wake akae karibu. Penye kizuizi hukiegemea kwa uzito wake wote, akageuka kuzungumza na mwenziwe. Amekiamini. Naye akianguka, huanguka ubavuni mwa chombo kiendacho, na nyuma yake rafadha yazunguka.

Sasa wanafunzi walio na ubao na chaki na wafuate hesabu hii. Nguzo yetu ina kimo cha sentimeta 100. Kitako chake kimefungwa sitahani kwa bolti, na kutoka ukingo wa nje wa kitako hata bolti za upande wa ndani ni sentimeta 8. Mtu aegemea kizuizi akisukuma nje kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 50, na nguzo hiyo moja yaichukua nguvu yote. Nguzo yageuka kuwa mtaimbo: ncha yake ndefu i mkononi mwa yule mtu, na kisigino chake ni ukingo wa nje wa kitako. Zidisha 50 kwa 100, upate 5,000. Gawanya kwa 8, upate 625. Maana yake, bolti za ndani zang'olewa kwenda juu kwa nguvu ya kilo 625. Zikiwa bolti mbili, kila moja yabeba zaidi ya kilo 300, kama kwamba umetundika ng'ombe mzima chini yake. Na hapo chombo bado hakijayumba, wala hapana mtu wa pili aliyemwegemea wa kwanza.

Mwenye kuifahamu hesabu hiyo atafahamu mara moja kwa nini skrubu ya inchi moja, iliyokazwa katika ubao uliolowa, haiwezi kazi hii. Atafahamu pia kwamba nguvu ya kizuizi haipo juu tunapoishika, ipo chini ya sitaha tusipopaona. Kwa hiyo fundi mwema huanza kazi yake chini.

Na aingie chini ya sitaha akiwa na taa, aende nguzo kwa nguzo. Doa jeusi kuzunguka bolti ni dalili kwamba maji yamepita. Achukue msharasi achome ubao pale pale: ukigoma, ni mzima, ncha ikizama kama katika muhogo uliopikwa, umeoza. Kisha agonge kwa nyundo ya mti. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu, uliooza kwa sauti nzito iliyokufa. Halafu mtu wa pili apande juu, aisukume nguzo na kuivuta, naye wa chini atazame bila kupepesa macho. Kitako kikiinuka hata kwa unene wa karatasi, basi kila mvua inyeshapo maji huteremka mle.

Tumetaja mvua kwa makusudi. Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba maji ya mvua huozesha sitaha upesi kuliko maji ya bahari, lakini ndivyo ilivyo. Kuvu walao mbao hawapendi chumvi nyingi; wapenda maji baridi yaliyokaa mahali pasipopita upepo. Chini ya kitako cha nguzo wamepata nyumba. Ndiyo sababu chombo kilicholazwa bandarini masika yote bila kutumiwa mara nyingi huoza sitaha kuliko chombo kinachosafiri na kuoshwa na mawimbi.

Baada ya mbao, tazameni madini yenyewe. Skrubu na bolti za shaba ya manjano hudanganya sana. Shaba hiyo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na maji ya bahari huiondoa zinki polepole, yakaacha shaba yenye vitundu kama sifongo. Ukiikwangua kidogo utaona rangi ya waridi badala ya manjano. Ukiigonga hukatika kama chaki. Mafundi wa zamani waliojua bahari walitumia bronzi, yaani shaba isiyotegemea zinki, na bronzi hizo nyingine hutolewa leo zikiwa nzima kabisa. Usizitupe.

Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huoza kutoka ndani, hasa inchi chache za chini ambako maji yamekaa. Yagonge kwa nyundo ndogo kutoka juu kwenda chini, usikilize mahali sauti inapobadilika. Ukiona malengelenge ya rangi karibu na kitako, kwangua. Mara nyingi nyundo yenyewe itatoboa.

Kuna na chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikifanya mwaka 1913 kwa kuchanganya chuma na kromi, na leo vyombo vipya vingi hukitumia. Ni chuma kizuri, lakini jina lake lapita ukweli wake. Kinachokilinda ni ngozi nyembamba mno ambayo kromi huifanya ikikutana na hewa. Kikifungiwa katika ubao uliolowa, mahali hewa haifiki, ngozi hiyo haipati kujirudisha, na bolti huliwa katikati ya unene wa sitaha, huku kichwa chake juu na nati yake chini vyang'aa. Basi bolti moja au mbili zitolewe zitazamwe, hata kama kwa nje zapendeza. Tena anunuaye na aulize namba. Ile ya 304 yafaa jikoni. Kwa bahari afadhali 316, ambayo imetiwa madini ya molibdeni ili kustahimili chumvi. Sumaku haitakusaidia kuzitenga, kwa sababu zote mbili hazivutwi, au huvutwa kidogo sana.

Je, tutengeneze au tubadili? Nguzo yenye kutu ya juu juu, na unene wake haujapungua, yaweza kusuguliwa, kupakwa dawa na kurudishwa. Nguzo iliyopinda hunyoshwa mara moja. Ikipinda tena pale pale, chuma kimechoka. Nguzo iliyoliwa karibu na kitako itupwe. Wako mafundi wanaoivika nguzo bovu kipande cha bomba pana na kukiunga kwa moto. Sisi hatuisifu kazi hiyo. Huficha ugonjwa, na maji hukaa kati ya bomba na bomba yakila yote mawili kwa utulivu.

Labda msikilizaji atasema, stenlesi ni ghali, nami si tajiri. Ni kweli. Hatumlazimishi. Bomba zito la chuma lililochovywa katika zinki iliyoyeyushwa, baada ya kutobolewa matundu yake yote, litamtumikia miaka mingi, tena ni bora kuliko stenlesi nyembamba iliyofungwa ovyo. Asichanganye tu madini yasiyopatana: alumini iliyofungwa kwa bolti za shaba huliwa kama sukari, kwa kuwa maji ya chumvi huyafanya madini mawili yaliyogusana kuwa kama betri, na lile dhaifu hulipa gharama.

Kabla hatujashika chombo cho chote cha kazi, yatupasa kusema habari ya hatari tatu. Ya kwanza ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ukajaa ngamani kama maji, wala haukauki kwa kufungua mlango mmoja. Cheche moja ya jiwe la kusagia yatosha. Nguzo zifunguliwe zipelekwe pwani, kazi yote ya moto ifanyike huko, mbali na chombo. Ya pili ni moshi mweupe utokao zinki ikichomwa. Aivutaye moshi huo hushikwa jioni na homa, baridi na maumivu ya viungo, akidhani ni malaria. Zinki ifutwe kwa tupa mahali pa kuungia, na kazi ifanywe penye upepo. Kunywa maziwa, kama wengi wanavyoamini, si kinga. Ya tatu ni rangi za zamani, hasa ile nyekundu iliyopakwa chuma, ambayo mara nyingi ina risasi. Isikwanguliwe kavu. Ilowe maji kwanza, fundi afunike pua na kinywa, maganda yote yaokotwe, na watoto wasiwepo. Vumbi la risasi huharibu akili za watoto, nao ndio wapendao kukaa karibu na fundi.

Haya, kazi. Mbao zilizooza hukatwa mpaka ufikie mti mzima, hata ikiwa tundu litakuwa kubwa kuliko ulivyotaka. Kipande kipya kiwe cha mvule au msaji, na ncha zake zilale juu ya boriti, si katikati ya hewa. Chini ya sitaha, mahali pa kila nguzo, tia kibao kinene cha mti mgumu, kikubwa mara mbili au tatu kuliko kitako, na chini ya kibao tia bamba la chuma. Ndilo litakalogawa zile kilo 625, zisikae juu ya nati tupu. Skrubu ziachwe kwa kazi nyingine. Hapa twataka bolti zipitazo zote, zisizopungua milimita 10.

Tundu la bolti ndilo mlango wa maji, nalo lataka subira. Litobolewe pana kuliko bolti, ubao ukaushwe siku kadhaa, kisha tundu lijazwe gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya kutoka mikebe miwili. Ikigandamana, toboa tena katikati yake tundu la kadiri ya bolti. Sasa bolti yapita ndani ya gundi ngumu, na hata maji yakipenya hayataugusa mti. Mdomo wa tundu upanuliwe kidogo kama sahani ndogo, ili dawa ya kuzibia ipate mahali pa kukaa na kufanya pete. Weka kitako juu ya dawa hiyo, kaza kidogo tu, acha hadi kesho yake, kisha kaza sana kwa kuzungusha nati ya chini, si kichwa cha juu. Afanyaye kwa haraka huikamua dawa yote siku ile ile, akaifuta kwa kitambaa, akadhani amemaliza. Njiti za kiberiti na rangi nene si dawa ya tundu. Twasema hivyo kwa sababu tumeziona. Tena kitako kikipandishwa juu ya kibao kidogo chenye mteremko, maji hayatuami. Lakini kibao hicho kisizibe vitundu vya kutolea maji ukingoni.

Upau wa juu, ukiwa wa mti na umevunjika mahali pamoja, hauna haja ya kubadilishwa wote. Kata kipande kibovu kwa mshazari mrefu: kwa kila inchi moja ya unene, mshazari uwe wa inchi nane. Kiungo kifupi cha kukatwa moja kwa moja huachana mtu wa kwanza akiegemeapo.

Kwa habari ya kimo, Mkataba wa Mataifa wa Mistari ya Shehena wa mwaka 1966 waagiza meli zinazouhusu ziwe na kizuizi kisichopungua mita 1, nafasi iliyo chini ya upau wa chini kabisa isizidi sentimeta 23, na nafasi nyingine zisizidi 38. Motaboti yetu ni ndogo, haimo katika mkataba ule. Lakini mwili wa abiria haupungui kwa kuwa chombo ni kidogo. Kizuizi kifikacho magotini humkwaa mtu kikampindua kichwa mbele. Tena sentimeta 38 ni tundu la kutosha kwa mtoto wa miaka mitatu. Palipo na watoto, wavu wa kamba ufungwe. Ni kazi ya mchana mmoja.

Nguzo zisiachane zaidi ya mita moja na nusu, wala zisiwe nyembamba kuliko bomba la inchi moja na robo. Upau wa juu pia uwe imara. Lakini pau mbili za chini zaweza kuwa nyepesi, na hapa pana faida. Bomba la maji la inchi moja lina uzito wa kilo 2.4 hivi kwa kila mita. Bomba la stenlesi la milimita 25, lenye unene wa milimita moja na nusu, halifiki kilo 0.9. Pau mbili za chini, pande zote mbili za chombo chetu, ni kama mita 36. Hesabuni wenyewe: tofauti ni kilo 55 hivi, tena zimo juu, mahali uzito unapokiyumbisha chombo.

Mlango wa kupandia ufunguke kwa ndani. Ukifungukia nje, komeo ndilo peke yake limzuialo mtu, na komeo huchakaa kabla ya kitu kingine cho chote.

Wakati wa kazi hii ni tangambili, kusi limelegea na kaskazi haijaja, jua latosha na chombo ki pwani. Rangi iwe ya mwisho. Kwanza kizuizi kijaribiwe chombo kikiwa kimeegemezwa vizuri pande zote. Simika mti imara ardhini mbali kidogo na ubavu, ufunge kapi kwa kimo cha upau wa juu. Funga kamba katika kichwa cha nguzo, ipitishe katika kapi, na katika ncha yake tundika mfuko mmoja wa saruji usiofunguliwa; huo ni kilo 50, hauna haja ya mizani. Uache robo saa. Fundi asikae juu akishangaa, ashuke chini ya sitaha na taa yake atazame kibao, bamba na nati. Pasipo na mlio, wala ufa, wala kitako kuinuka, tia alama ya chaki juu ya nguzo hiyo, uuhamishe mfuko kwenye ya pili. Nguzo ni kumi na nne, na kwa mafundi wawili ni kazi ya siku moja.